Feni ya bafuni imekufa: ninunue ipi?

Kila masika yakiisha, barua za wasomaji wetu wa Tanga hufanana: dari la bafu limepiga weusi, taulo halikauki, feni inaunguruma lakini haitoi kitu. Safari hii tumechagua saba, nazo zimejibiwa na mafundi wetu wa umeme na ujenzi. Wengi mmeuliza feni gani ina nguvu zaidi. Majibu yanarudi tena na tena kwenye jambo jingine: hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na hayo maji yanatoka wapi.

INCHI NNE AU INCHI SITA?

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Bafu letu lina upana wa mita 1.8, urefu mita 2, na dari liko mita 2.7 kutoka sakafuni. Feni ya inchi nne iliyokuwa ukutani imekufa, na hata ilipokuwa hai dari lilikuwa likiota ukungu mweusi kwenye pembe. Dukani nimeonyeshwa ya inchi nne iliyoandikwa 95 m³/h na ya inchi sita iliyoandikwa 250. Muuzaji ananiambia nichukue kubwa nimalize kazi. Mnanishaurije?
Mama wa watoto watatu, Chumbageni

JIBU: Mama, kabla ya kuchagua ukubwa, jiulize kama ile ya zamani ilishindwa kwa udogo wake au ilinyimwa njia. Mara nyingi ni njia.

Hesabu ya ukubwa ni fupi. Zidisha 1.8 kwa 2 kwa 2.7, utapata mita za ujazo 9.7. Bafu linalotumika kila siku linataka hewa yake ibadilishwe kama mara 10 kwa saa, yaani mita za ujazo 97. Kwa hesabu hiyo, feni ya 95 inakutosha. Lakini namba ya kwenye boksi imepimwa feni ikiwa wazi, haina bomba mgongoni, haina wavu wala kifuniko. Ukishaipitisha kwenye ukuta wa tofali la inchi sita na plasta pande zote mbili, ukaweka wavu wa mbu na kifuniko cha nje, tarajia 60 au 70. Hiyo bado ni kazi nzuri: kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka feni ya bafu ya kuwasha na kuzima itoe angalau lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Mambo huharibika bomba likianza kupinda. Kila elbo ya nyuzi 90 inaichosha feni kama vile umeongeza mita moja hadi mbili za bomba lililonyooka, na bomba laini la mikunjo lisilovutwa likanyooka ni baya kuliko hata elbo.

Sasa ile ya inchi sita. Tundu lako la ukutani ni la inchi nne, lenye nafasi ya sentimita za mraba 78 tu. Tundu la inchi sita lina 177. Ukiibana feni kubwa kwenye tundu dogo kwa redusa, hewa itapita kwenye hizo 78 vilevile, na utakachozidisha ni kelele. Feni ya inchi sita ina maana pale tu utakapokubali kuvunja ukuta na kuweka bomba la inchi sita kutoka ndani hadi nje. Kwa bafu la mita za ujazo 9.7 hakuna haja.

Chukua ya inchi nne, lakini chagua kwa kusoma maandishi ya boksi. Tafuta kiwango cha msukumo, ambacho huandikwa kwa Pa. Feni mbili zinaweza kuandikwa 95 zote, moja ina Pa 25 na nyingine Pa 40, na ya pili ndiyo itakayosukuma hewa ikapita kwenye bomba. Tafuta yenye beringi za gololi badala ya bushi. Kelele ikiwa chini ya desibeli 35 kwa umbali wa mita 3, hata anayelala chumba cha pili haitamkera. Na iwe na taima, tutaeleza sababu.

Kabla ya kwenda dukani pima vitu vitatu kwa rula: kipenyo cha ndani cha tundu, ukubwa wa fremu ya zamani inayoonekana ukutani, na kina cha tundu hadi kwenye kizuizi cha kwanza. Bomba letu la PVC la inchi nne lina milimita 110 kwa nje na zaidi kidogo ya 100 kwa ndani, kwa hiyo shingo ya feni ya milimita 98 au 100 huingia vizuri. Matundu mengine yamechongwa kwa patasi bila bomba. Hapo hewa hupotelea kwenye mashimo ya tofali, na mvua ikipiga huingia ndani ya ukuta. Weka kipande cha bomba kwanza, ukilaze kwa mteremko mdogo kuelekea nje, milimita 5 kwa ukuta wa sentimita 25 zinatosha, uzibe pembeni kwa saruji na umalizie nje kwa silikoni.

Njia ya kuingilia ndiyo wanayoisahau karibu wote. Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Mlango wako kama una upana wa sentimita 70 na umekaa sentimita moja juu ya sakafu, nafasi ya chini ni sentimita za mraba 70, pungufu ya tundu la feni lenyewe. Inua iwe sentimita moja na nusu, upate 105. Milango ya alumini yenye mpira chini haipitishi kitu. Hiyo ikatwe paneli ya chini na kuwekwa luva.

Dirisha nalo linadanganya. Feni ikiwa karibu na dirisha, ukaliacha wazi, itavuta hewa ya dirishani na kuirudisha nje palepale, na upande wa shawa hewa itabaki imesimama. Feni ikiwaka, funga dirisha la jirani yake, hewa ivutwe kutoka chini ya mlango na kupita bafu zima.

Ukishafunga feni mpya, chana karatasi moja ya chooni, iweke kwenye grili feni ikiwa inazunguka na mlango umefungwa. Ikishikwa na kubaki, kazi imeisha. Ikianguka, fungua mlango kidogo tu ujaribu tena. Ikishikwa safari hii, feni ni nzima na kosa liko chini ya mlango. Ikianguka hata mlango ukiwa wazi, kagua bomba na kifuniko cha nje: pengine ni kiota cha ndege, pengine wavu umeziba kwa vumbi na nyuzi za taulo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo kwa watu wa pwani ni zito. Feni hubadilisha hewa, haifyonzi maji. Hewa ya Tanga inayoingia chini ya mlango tayari imebeba unyevu. Tuseme ni nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80: kila mita ya ujazo inaingia na gramu 20 na ushei za maji, na hata ikitoka imeshiba karibu kabisa, itakuwa imeongeza gramu 4 tu. Lita moja ya maji iliyobaki sakafuni baada ya kuoga itahitaji mita za ujazo 250 za hewa. Kwa feni inayotoa 60 kwa saa, ni saa nne. Fagio la mpira linaisukuma lita hiyohiyo hadi kwenye tundu la maji kwa dakika moja. Hakikisha basi sakafu inateremka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu hilo; penye dimbwi lisiloondoka hakuna feni itakayolimaliza.

Ukungu uliokwisha kuota hautaondoka kwa feni. Kwenye dari lililopakwa rangi na bado gumu, changanya kikombe kimoja cha Jik kwa lita mbili za maji, paka, subiri dakika kumi, futa kwa maji safi, ulikaushe kabisa ndipo upake rangi. Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia: inatoka hewa yenye sumu, na chumba hicho hewa yake ni ndogo. Dari la jipsamu ukilibonyeza kwa kidole likabonyea, kata kipande hicho ubadilishe. Kulipaka rangi ni kuficha, na miezi miwili mitatu weusi utarudi.

UPEPO WA BAHARI UNAIRUDISHA

SWALI: Nyumba yetu iko karibu na maji, na ukuta wa bafu unatazama kaskazini mashariki. Kaskazi ikivuma, vile vifuniko vya nyuma ya feni vinagonga usiku kucha na hewa ya nje inaingia ndani. Hii ni feni ya tatu, mbili za kwanza zilioza kwa kutu. Je, kuna aina inayostahimili?
Mzee mstaafu, Raskazone

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hapa kuna magonjwa mawili, tuyatenganishe.

La kwanza ni msukumo. Upepo wa mita 7 kwa sekunde, ambao ni kilomita 25 kwa saa, ukipiga ukuta moja kwa moja unaubana kwa karibu Pa 30. Ukifika mita 10 kwa sekunde unafika Pa 60, kwa sababu kasi ikiongezeka kidogo mbano huongezeka sana. Feni ya kawaida ya mapanga ya inchi nne uwezo wake wote wa kusukuma ni Pa 30 hadi 40, na huufikia pale tu inapozunguka bila kutoa hewa hata kidogo. Kwa hiyo kaskazi ya kawaida tu inatosha kuisimamisha. Kununua nyingine ya aina hiyohiyo, hata iwe ya bei kubwa, ni kuipeleka kwenye mchezo ambao imeshaushindwa.

Dawa bora ni kuhamisha tundu. Bafu likiwa na ukuta wa pili usiotazama bahari, hata ule wa kuelekea uani, toa hewa huko. Lakini kumbuka pwani yetu ina pepo mbili: kusi hutoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili, kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia kama Novemba. Ukuta wa magharibi ndio unaokaa kimya pepo zote mbili. Isipowezekana kuhama, vunja nguvu ya upepo kwa kifuniko cha nje chenye mdomo unaotazama chini. Si kile bapa chenye luva tatu, ni kile kama kofia kilichofungwa mbele, hewa inatokea chini yake. Mdomo wake usiwe mdogo kuliko bomba. Na badala ya feni ya mapanga, weka ile ya gurudumu, ambayo huvuta hewa katikati na kuitupa pembeni. Kwa ukubwa huohuo msukumo wake ni mkubwa mara kadhaa. Bei yake ni ya juu zaidi, ila kwa nyumba ya Raskazone hiyo ndiyo feni.

Vile vifuniko vinavyogonga ni vya plastiki nyepesi vinavyoinuliwa na hewa. Vikigonga ujue upepo unaviinua na kuviachia. Ukishaweka kofia ya kutazama chini vitatulia. Usivibandike kwa gundi: feni itazunguka bure, na mota isiyopitiwa na hewa hupata moto hadi ikaungua.

La pili ni chumvi. Mwili wa feni uwe wa plastiki ngumu ya ABS, grili pia. Skrubu zinazokuja ndani ya boksi zitupe, nunua za chuma kisichoshika kutu, na ukizipata za daraja la 316 ndizo za karibu na bahari. Za 304 hupiga madoa ya kutu mapema. Wavu uwe wa nailoni au wa chuma hichohicho, usiwe wa bati la kupakwa zinki. Kila baada ya miezi mitatu zima umeme kwenye meinswichi, toa grili, futa mapanga kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi kisha kikavu. Chumvi iliyokaa kwenye mapanga hunyonya unyevu wa hewa, hushika vumbi, panga moja linakuwa zito kuliko jingine, feni inatikisika, na hapo ndipo beringi zinapoanza kuliwa.

FENI INATOA HEWA DARINI

SWALI: Ninapangisha vyumba Ngamiani. Fundi aliweka feni kwenye dari la bafu bila bomba, inatoa hewa kwenye nafasi iliyo chini ya bati. Mpangaji analalamika dari la chumbani limeota madoa ya kahawia. Inahusiana?
Mwenye nyumba

JIBU: Inahusiana, na isimamishwe leo. Bati usiku hupoa upesi kuliko hewa iliyo chini yake. Hewa ya bafu ikiigusa, hugeuka matone upande wa ndani wa bati, matone yanateremka kwenye mbao za kenchi na kuangukia juu ya siling bodi. Madoa ya kahawia ni maji yaliyopita kwenye vumbi na mbao. Misumari ya kenchi itashika kutu, mbao zitaanza kuoza kwenye maungio, na mchwa hupenda mbao zenye unyevu.

Bomba litoke nje, kwenye ukuta wa pembeni chini ya bati au kwenye ukuta wa mwisho wa paa, wala si chini ya ukingo wa paa wenye matundu ambamo hewa itarudi darini. Kwa safari ya zaidi ya mita mbili, au yenye elbo zaidi ya moja, feni ya dari ya mapanga haitafika. Weka feni ya katikati ya bomba: mwili wake unakaa darini umening'inizwa kwenye mbao kwa mikanda ya mpira, na bafuni inaonekana grili tu. Ina msukumo wa Pa 100 na zaidi, kelele inabaki huko darini, na umeme wote unakuwa mbali na maji. Acha mfuniko wa dari karibu nayo, fundi aweze kuifikia bila kuvunja. Bomba la darini lipe mteremko wa kuelekea nje, la sivyo maji yatakusanyika na kurudi kudondoka kwenye mota.

Ukibaki na feni ya dari kwa sababu yoyote, iwe ya beringi za gololi. Feni ya dari mhimili wake umesimama wima, na ya bushi ikikaa hivyo mafuta yake hushuka upande mmoja na huisha mapema.

HAIZIMI USIKU KUCHA

SWALI: Nilinunua feni yenye kihisi cha unyevu, ijiwashe na kujizima. Tangu ifungwe haijazima hata usiku, na ninaogopa LUKU.
Mwalimu, Sahare

JIBU: Mwalimu, feni hiyo haina hitilafu. Imepangwa kiwandani izime unyevu ukishuka chini ya asilimia 60 au 65, na hewa ya nje ya Tanga mara nyingi iko juu ya 75, alfajiri zaidi ya hapo. Feni haiwezi kulikausha bafu likawa kavu kuliko hewa inayoiingiza. Itazunguka hadi siku ifike mwisho wake.

Ndani ya kifuniko kuna kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi. Zima umeme, kizungushe hadi 85 au 90, uone. Pale ambapo hata hapo haizimi, izime sehemu ya kihisi utumie taima peke yake. Kwa mji wetu taima ndiyo chaguo la akili: unawasha taa, feni inawaka, unazima taa, feni inaendelea dakika ulizoipangia. Kwa bafu la mita za ujazo 10 na feni inayotoa 60 kwa saa, hewa yote hupita mara moja kila dakika 10. Kwa sababu hewa mpya huchanganyika na ya zamani, mara moja haitoshi. Zikipita mara tatu, yaani nusu saa, asilimia 95 ya hewa ya zamani imetoka. Panga dakika 30.

Kuhusu LUKU: feni ya wati 15 ikizunguka mchana na usiku mwezi mzima hula uniti 10.8. Kwa saa mbili kwa siku ni uniti 0.9.

NYAYA ZA FENI YA TAIMA

SWALI: Shikamooni mafundi. Najifunza umeme. Nimefunga feni ya taima badala ya feni ya kawaida, ikizimwa taa na yenyewe inazima palepale. Nilipounganisha L na ile ya pili pamoja, sasa haizimi kabisa.
Kijana, Makorora

JIBU: Marahaba mwanetu. Feni ya taima ina sehemu tatu za kuunganishia. N ni nyutro. L ni moto wa kudumu, usiopita kwenye swichi. Ya tatu, iliyoandikwa LS, SL au T, ni moto unaotoka kwenye swichi ya taa, na kazi yake ni kuiambia feni lini ianze kuhesabu. Feni ya zamani ilikuwa na nyaya mbili tu, nyutro na moto wa swichi, kwa hiyo moto wa kudumu haupo pale. Ulipoziunganisha L na LS pamoja, ama kwenye waya wa swichi feni itakufa na swichi, ama kwenye moto wa kudumu itadhani taa inawaka siku zote. Vuta waya wa tatu, wa milimita za mraba 1.5 kama wa sakiti ya taa, kutoka kwenye moto wa swichi kabla haujakatwa.

Kwa kuwa waya huo una umeme hata taa ikiwa imezimwa, weka swichi ya kukata nje ya bafu, juu ya mlango, ikate moto wa kudumu, moto wa swichi na nyutro kwa pamoja. Fyuzi iwe ya ampea 3, isipokuwa karatasi ya feni imesema vingine. Sakiti ya bafu ilindwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Feni yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, lakini waya wa ethi ukiwepo usiukate. Uzibe ncha yake na uuache ndani.

Soma pia alama ya IP, inayoonyesha feni imekingwa kiasi gani na maji na vumbi. Eneo la juu ya beseni au shawa hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 pembeni yake, linataka feni ya IPX4 kwenda juu. Feni isiyo na alama hiyo ikae mbali na hapo. Na tazama volti: bidhaa za mitumba kutoka Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60, na kwenye 230 yetu mota haitamaliza siku. Kabla ya kugusa chochote zima meinswichi, kisha jaribu kila waya kwa testa, na testa yenyewe uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue ni nzima.

UKUTA WA MAWE UNALOWA CHINI

SWALI: Nyumba yetu ya urithi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Bafu lina feni nzuri na karatasi inashika, lakini ukuta unalowa kuanzia chini hadi magotini, plasta inamenyeka na unga mweupe unatoka.
Bibi, Pangani

JIBU: Shikamoo Bibi. Huo si unyevu wa hewa, ni maji yanayopanda kutoka ardhini au bomba linalovuja. Unyevu wa hewa huanza juu, kwenye dari na pembe. Unaoanza chini na kuacha unga mweupe ni maji yanayopita ndani ya ukuta na kubeba chumvi. Yakikauka juu ya plasta, chumvi hubaki na kuipasua.

Bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari kwenye ukuta mkavu kwa mguso, ukizibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumba, ni ya hewa. Kisha funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, usome tena asubuhi. Ikisogea, bomba linavuja na hilo ndilo la kwanza. Mita isiposogea, tazama kama kuna aliyepaka plasta ya saruji juu ya mawe yale. Saruji huzuia ukuta wa chokaa kupumua, na maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ibanduliwe hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji, ukuta uachwe ukauke kwa wiki kadhaa za kiangazi, upakwe plasta ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu. Mchanga wa pwani usiooshwa unarudisha chumvi uliyoihangaikia.

TAILIZI ZATOKA JASHO

SWALI: Bafu la ndani liko kando ya chumba chenye kiyoyozi. Ukuta wa upande huo unatoka matone hata siku ambayo hakuna aliyeoga. Niongeze feni ya pili?
Baba, Mikanjuni

JIBU: Usiongeze, utazidisha. Hewa ya nje ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 24 kwenda chini, na ukuta uliopozwa na kiyoyozi cha nyuzi 20 uko chini ya hapo. Kila feni inapozunguka inaingiza hewa hiyo ya nje. Pandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25 au 26 kwanza, uone kwa siku mbili. Feni iwake wakati wa kuoga na nusu saa baada yake tu, na dirisha la bafu lifungwe kiyoyozi kinapofanya kazi, ili hewa inayovutwa chini ya mlango iwe ile ya chumbani, ambayo kiyoyozi kimeshaikausha.

Kama matone yanabaki, tazama bomba la gesi la kiyoyozi linapopita ndani ya ukuta huo. Likiwa limevuliwa povu lake jeusi hata kwa sentimita chache, ukuta wa mahali hapo utalowa hata ukizima feni mwezi mzima. Livishwe povu jipya, maungio yafungwe kwa utepe, na bomba la maji ya kiyoyozi literemke moja kwa moja hadi nje bila kupinda juu.